Vyungu Vinne vya Bi Zena

Mwezi uliopita mjukuu wangu na mumewe walinipitia twende tukaone kiwanja. Wanahama Dar, wana watoto wawili wadogo, wamechoka kupanga na wamechoka foleni, wanataka Kibiti, wanataka hewa. Kwenye simu walikuwa na picha na maelezo yake: kiwanja kimepimwa, umeme upo, maji karibu, majirani wastaarabu. Nikamuuliza dalali, huo ustaarabu wa majirani umeupima kwa kamba gani. Akacheka. Mimi sikucheka. Dalali anayecheka upesi simwachii mkoba wangu hata nikienda kunawa mikono.

Tulipofika kona ya nyuma, pua iliniambia kitu kabla ya macho. Makumbi ya nazi yaliyoloana, magunzi ya mahindi yaliyoanza kuoza, na chini yake harufu ya udongo mbichi uliofukuliwa. Nikasimama. Mjukuu wangu akadhani ni magoti, akanishika kiwiko. Nikamwambia aniache. Sikuwa pale tena. Nilikuwa na miaka minane au tisa, hakuna aliyeandika, nimeshika kigae mkononi, nachungulia kwenye ua wa makuti wa mtu mwingine.

Nawaandikia nyinyi wa rika langu, kwa sababu hawa vijana ukiwasimulia wanakuuliza kwa nini hamkupiga simu. Shule niliishia darasa la tatu. Kuandika nimejifundisha mwenyewe ukubwani, na nyumba nne nilizonazo leo hakuna mwalimu aliyenijengea hata ukuta mmoja. Kwa hiyo nitasema nilivyozoea kusema.

Sisi tulitoka visiwani, kule delta mto unakogawanyika na kupotelea kwenye mikoko. Nyumba yetu ilikuwa juu ya udongo wa tope, na maji yalikuja na kuondoka mara mbili kwa siku kama mgeni asiyebisha hodi. Baba alikuwa mkata boriti na mkulima wa mpunga. Miaka ile chumvi ilianza kupanda kwenye majaruba, mpunga ukawa unatoa majani mazuri na punje tupu. Lakini hilo silo lililotuhamisha. Kilichotuhamisha ni kifua. Nilikuwa nimezaliwa wa kwanza, na baada yangu Mama alizaa wawili, na wote wawili waliondoka kabla ya kujua kutambaa, kwa kikohozi kilekile. Alipozaliwa mdogo wangu Seifu, na yeye akaanza kulia kifuani kama mlango uliolegea bawaba, Mama alimwambia Baba neno moja tu: huyu wa tatu simlazi kwenye tope. Akaanza kufunga mikeka.

Baba hakuwapenda watu wa nchi kavu. Alikuwa na sababu yake, na aliirudia njia nzima, kwenye mashua mpaka Nyamisati na kwenye lori mpaka Bungu, huku mimi nikimsikiliza kama ninavyosikiliza Kurani. Kwetu, alisema, mtu hawezi kukuficha kitu ardhini. Ukifukia kitu kwenye tope, maji yanakifukua na kukuletea mlangoni. Lakini mtu wa nchi kavu ana ardhi inayotulia. Anafukia leo, na miaka kumi baadaye kiko palepale, kinafanya kazi yake. Ukifika kwao tazama chini, usiwatazame usoni.

Mimi nikatazama chini. Nilifika Kibiti sijui hata nyuso za watu zikoje, lakini ningekuchorea nyayo zao.

Tulifikia kwa mjomba, kaka yake Mama, ambaye alikuwa mtu wa kucheka na mwenye chumba kimoja cha ziada. Alisema tukae mpaka tupate pa kwetu. Mke wake, kufika wiki ya pili, alianza kuchota unga mbele ya Mama, kibaba kwa kibaba, akikifuta juu kwa kidole kisizidi. Mama akaelewa. Ikabidi tuchague mahali upesi.

Palikuwa na mahali pawili. Pa kwanza ni vyumba viwili nyuma ya duka, ukingoni mwa barabara kubwa. Mwenye duka alikuwa Mhindi aliyezaliwa hapohapo, akizungumza Kindengereko, lugha ya pale, vizuri kuliko mimi, na alikuwa tayari kutupangisha. Baba alipapenda. Kazi ya kuchonga boriti ilikuwa jirani, na tena, alisema, watu wa barabarani hawana muda wa kukuroga, wote wanapita. Mimi nilipapenda zaidi. Dukani kulikuwa na taa ya karabai inayovuma, redio, na chupa kubwa ya peremende za rangi. Lakini barabara ya wakati ule haikuwa lami. Malori yaliyokuwa yakiwahi kivuko cha Ndundu yalipita yakiinua vumbi jekundu, na kabla vumbi halijashuka lilipita lori jingine. Siku ya kwanza tulipokwenda kupaona, Seifu alikohoa mgongoni kwa Mama mpaka midomo ikabadilika rangi. Mama aligeuka akaondoka mwenye duka akiwa katikati ya maneno.

Pa pili palikuwa nyuma, mbali na barabara, ukishavuka shamba la minazi. Kilikuwa kipande cha ardhi ya Bi Zena, mjane aliyekaa peke yake na kuku wake. Udongo wa mchanga, mikorosho mitatu, kisima cha maji matamu, na njia ya miguu iliyokata moja kwa moja kuelekea Mchukwi, kwenye hospitali ya misheni, bila kugusa barabara. Upepo ulikuwa unapita pale bila kubeba kitu. Mama alisimama katikati ya kile kiwanja, akamshusha Seifu mgongoni, akamgeuzia uso kwenye upepo. Mtoto akavuta pumzi, akavuta tena, akalala. Hakulia kifuani. Mama alikaa chini palepale kwenye mchanga, na mimi sikuwahi kumwona Mama akikaa chini mchana bila kazi mkononi.

"Hapa," akamwambia Baba.

Bi Zena alikuwa mrefu, mkavu, jicho moja limefunikwa na ukungu mweupe, na lile jingine lilikuona mara mbili. Binti zake wameolewa mbali, upande wa Kilwa. Alisema anataka jirani mwenye watoto, asikie kelele kabla hajafa. Hakuwa na haraka. Alituambia tukae kwa mjomba siku saba nyingine, tupite kwake tukitaka, asubuhi au jioni, tumtazame na yeye atutazame, na siku ya nane tuseme.

Mtu mwingine angeona huo ni ubinadamu. Baba aliona mtego. Mwenye nia njema, alisema tukirudi, hakupi siku za kumchunguza. Ukiona amekupa, ujue ameshaficha anachoficha. Mama akamjibu kwamba na mwenye nia mbaya je, angempa siku ngapi? Baba hakuhitaji jibu ili kuendelea kushuku. Hilo nimelirithi, silikatai.

Visiwani kwetu kulikuwa na njia ya kuipima nyumba ya watu usiowajua. Unamtuma mtoto alfajiri akaombe moto. Anakwenda na kigae, anapiga hodi, anasema mama anaomba moto. Ukishapewa, unarudi na kaa lako na wakubwa wanakuhoji. Kaa limetoka katikati ya mafiga au pembeni? Amelishika kwa kibanio au amelisukuma kwa mguu? Ametia majivu chini ili mtoto asiungue? Ameuliza nini? Watu wa kwetu waliozeshana na kuachana kwa majibu ya maswali hayo. Baba akanituma sehemu zote mbili. Mwenye duka alinipa njiti tatu za kiberiti na peremende. Baba akasema njiti haisemi kitu juu ya mtu, ila mtu mwenyewe ni mwerevu. Bi Zena alinipa kaa jekundu la katikati, akatandika majivu, akafunika kwa kipande cha kumbi. Kisha akauliza kama mtoto alilala vizuri.

Nikaripoti. Baba akakunja uso. Kwa nini anamuulizia mtoto? Kati ya watu wote wa nyumba hii, kwa nini mtoto?

Siku ya pili nilikwenda kulikuwa kumeshapambazuka, na Bi Zena hakuwepo jikoni. Nikapiga hodi, kimya. Nikazunguka nyuma ya ua. Ndipo nilipomwona upande wa pili, kwenye kiwanja chetu, maana kichwani mwangu kilikuwa chetu tayari. Alikuwa amechutama kwenye kona. Mbele yake palikuwa na chungu cheusi kimefudikizwa, mdomo umeelekea ardhini, kitako kinatazama mbingu. Alikiinua upande mmoja, akaingiza mkono ndani mpaka kiwiko, midomo ikicheza. Akatoa kitu, akakitia kwenye kifuu, akafunika kifuu kwa mkono, akakirudisha chungu vilevile kifudifudi. Akainuka, akaenda kona ya pili. Palikuwa na chungu. Kona ya tatu, chungu. Ya nne, chungu.

Sikuchukua moto siku ile. Nilisema kuni zake zilikuwa mbichi.

Jioni nikarudi nikijifanya naokota vijiti. Alikuwa anazunguka tena, safari hii na kata ya maji. Kila chungu alikimwagia pembeni, akachomekea chini yake makumbi yaliyoloana na magunzi, na kila kimoja alikisemea. Harufu ilinifikia nilipokuwa nimejificha. Nzito, ya uchachu, ya kitu kinachofanya kazi chini kwa chini.

Baadhi yenu mliokulia bara mmeshacheka. Chekeni. Mimi nilitoka mahali ambapo fundi, yaani mganga, alipokuja kulinda shamba au nyumba, alizika dawa kwenye pembe zake nne. Pembe nne nilizijua. Nilijua pia kwamba anayezika ni mwenye mahali, kwa ajili yake. Sasa mtu mwingine akizika kwenye pembe nne za mahali ambapo wewe utalala, na Mama yako, na mdogo wako ambaye juzi ameulizwa habari zake? Nilijumlisha kwa akili zangu za darasa la tatu, nikapata jibu moja.

Mama nilimwambia kwanza. Alikuwa anampaka Seifu mafuta ya nazi kifuani. Akasema wazee wana mambo yao, na kwamba mtoto anayechungulia uani kwa watu anaota vipele machoni. Hakuinua hata kichwa. Nikamwendea Baba, alikokuwa anachonga boriti kwa tezo. Na yeye, nilishangaa, alikuwa amelegea. Alisikiliza, akasema vyungu vinaweza kuwa vyungu tu, na mama yako ameshapapenda, hatasikia. Akaendelea kuchonga. Vipande vya mti vilikuwa vinaruka vikianguka miguuni kwangu.

Hapo ndipo nilipoongeza. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilichokuwa nakitaka. Nilikuwa naogopa, hilo ni kweli, usingizi ulikuwa haunijii. Nilitaka pia kusadikiwa. Nilikuwa nimeona kitu kikubwa na hakuna aliyeshtuka. Na nilikuwa naifikiria ile karabai na ile chupa ya peremende. Vyote vitatu vilikuwemo, na hata leo siwezi kuwaambia kipi kilikuwa mbele. Nikamwambia Baba, "Nilimsikia akimtaja Seifu."

Tezo ikatulia. Baba aliniuliza nirudie, nikarudia. Akaniuliza alimtaja kwenye chungu gani. Nikasema vyote vinne.

Hakumwambia Mama. Alimwambia mjomba, na siku ya sita baada ya swala ya Alasiri akatokea na fundi kutoka upande wa Bungu, mtu mfupi mwenye kanzu fupi na mfuko wa ngozi. Mama alikuja nyuma yetu, Seifu mgongoni, akiuliza kuna nini, kuna nini. Baba hakupiga hodi kwa Bi Zena. Alipita moja kwa moja kiwanjani, sote tukamfuata. Bi Zena alitoka, akaegemea mkorosho, akakunja mikono.

Fundi alikizunguka chungu cha kwanza akikipungia usinga. Akakinyunyizia marashi. Akasema ni kazi nzito, ya siku nyingi, na aliyeifanya yuko karibu. Akatuamuru tusogee nyuma, nami nikamshika Mama nguo. Kisha akakiinua.

Chini yake kulikuwa na mchwa. Weupe, wanene, wamejaa kwenye makumbi na magunzi kama wali uliomwagika, wanajikunjakunja wakikimbia mwanga. Na kabla fundi hajapata la kusema, vifaranga waliosikia mlio wa chungu wakaja mbio kutoka chini ya mikorosho, thelathini au zaidi, wakampita miguuni, mmoja akampanda juu ya kiatu, wakaanza kudonoa. Mama zao wakafuata wakiwaita.

Cha pili, mchwa. Cha tatu fundi alikiinua bila usinga wala marashi. Cha nne hakukiendea. Mjomba alikuwa ameshaketi chini, amejishika mbavu, machozi yanamtoka. Fundi akasema kwa sauti ndogo kwamba na mchwa nao huweza kutumwa. Vifaranga wakaendelea kudonoa.

Visiwani kwetu hatukuwa na mambo haya. Ardhi ya maji ya chumvi haina mchwa wa kutegwa, na kuku wetu walijitafutia ufukweni. Baba yangu alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na alikuwa hajawahi kuona chungu kikifudikizwa kwa ajili ya vifaranga. Mimi hali kadhalika. Tulikuwa tumetazama chini kama tulivyokubaliana, tukaona, na tulichokiona hatukukijua.

Bi Zena akamuuliza Baba kama amemaliza. Baba akasema amemaliza. Akamuuliza, kwao kuku wanakula nini.

"Kaa wa mikokoni," Baba akajibu. "Na pumba za mpunga."

Mjomba akaanza kucheka upya. Hata Bi Zena, nadhani, pembe ya mdomo ilisogea kidogo. Mama akamwendea, akapiga goti moja na mtoto mgongoni, akamwomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima. Alisema sisi ni watu wa kuja, hatujui, tumezika wawili, woga umetuharibu akili. Bi Zena akamwinua kwa mkono. Akamtazama Seifu aliyekuwa amelala na mdomo wazi, upepo unampata vizuri. Nilimwona uso unalegea. Mambo yalikuwa yanaelekea kuisha, na yangeisha, kama Baba angenyamaza.

Lakini Baba alikuwa amesimama mbele ya shemeji yake anayemcheka na fundi aliyemwita yeye mwenyewe. Alitaka apate mahali pa kushika. Akasema si vyungu tu vilivyomleta. Akasema, mtoto wangu alikusikia ukimtaja mwanangu.

Kicheko cha mjomba kikakatika.

"Mtoto yupi?" Bi Zena akauliza.

Hakukuwa na mtoto mwingine pale. Akaniita, njoo mama, njoo karibu. Nikaenda. Alinukia moshi na ile harufu ya makumbi. Aliinama mpaka lile jicho zima likawa sawasawa na macho yangu. Akaniuliza kama nilimwona akichota kwenye vyungu. Nikasema ndiyo. Kama nilimwona akimwaga maji. Ndiyo. Hakukasirika kwamba nilimchungulia. Alitikisa kichwa tu, kama mtu anayehakikisha jambo.

"Na ulinisikia nikimtaja mdogo wako?"

Nikatazama nyayo zake.

"Sikiliza, mwanangu," akasema, na alisema taratibu, wote wakisikia. "Ukisema hukusikia, yameisha. Watoto wanasema mambo. Kesho baba yako alete boriti zake hapa aanze kujenga, na vyungu nitavihamishia kwangu. Ukisema ulisikia, basi mimi ni mchawi, na mchawi hakai jirani na mtoto mchanga. Mtakwenda kwingine. Sema lililo kweli."

Sidhani kama nimewahi kupewa jambo lililonyooka kuliko lile, utotoni wala ukubwani. Nimefanya biashara na matapeli wa kila namna, nimeuziana mikeka na watu kivukoni wakinikabidhi maneno yaliyopindwa mara tatu, na yule mama alinipa neno lisilo na kona hata moja. Nilimtazama Mama. Macho yake yalikuwa yananiomba, bila kujua yananiomba kweli au uongo, yakiniomba tu kiwanja. Nikamtazama Baba. Alikuwa anatazama chini. Nikaona kwamba nikisema sikusikia, Baba atakuwa ameleta fundi kutoka Bungu kwa neno la uongo la mtoto wa kike, na mjomba atalicheka hilo Kibiti nzima mpaka tufe.

"Nilisikia," nikasema.

Bi Zena akaondoa jicho lake usoni kwangu. Akasema, "Haya." Akajinyoosha, akaenda kwenye kile chungu cha nne ambacho fundi alikiacha, akakiinua, akawamwagia vifaranga. Hakutuangalia tena. Tuliondoka kwa mstari mmoja kama tulivyokuja, ila Mama alikuwa wa mwisho, na kila nilipogeuka alikuwa amesimama.

Siku ya nane tulihamia nyuma ya duka.

Seifu aliishi. Nalisema mapema msije mkakaa mkiningojea nimzike. Ni mtu mzima, ana wajukuu, ingawa ngazi tatu tu zinamsimamisha atafute ukuta wa kushika, na tangu utotoni hakuwahi kukimbia na wenzake. Mara ngapi Mama alimbeba kwenda Mchukwi kwa njia ya barabarani, amemfunika uso kwa kitambaa, malori yakiwapita, sikuhesabu. Njia ya mkato ilipita mlangoni kwa Bi Zena, na Mama hakuwa na uso wa kupita pale.

Na neno langu halikubaki kiwanjani. Fundi alilichukua Bungu kwa sababu lilimpa heshima aliyoipoteza kwenye vyungu. Wengine wakalichukua kwingine. Watoto wakaacha kutumwa moto kwa Bi Zena. Alikuwa ametaka kelele za watoto, akapata kimya. Hakuna aliyejenga kwenye kile kiwanja miaka yote aliyokuwepo, na siku moja nikasikia binti yake amekuja kumchukua kwenda upande wa Kilwa, kuku wamegawiwa, nyumba imefungwa. Nilisikia nikiwa dukani nanunua chumvi. Nikaichukua chumvi, nikarudi nyumbani.

Baba alikwenda kaburini akiamini alimwokoa mwanawe na mchawi. Mpaka uzeeni aliwasimulia wageni, na mimi nikipita na chai alinionyesha kwa kidole: huyu ndiye aliyesikia. Wageni waliniangalia kwa heshima.

Mama hakusimulia. Wala hakuniuliza, hata siku moja. Nimejiambia kwamba angeniuliza tukiwa wawili tu ningemwambia kweli. Lakini mimi ni mtu wa kushuku watu, na mtu ninayemjua kuliko wote ni mimi.

Alichofanya ni hiki. Tulipohamia barabarani alitundika khanga iliyoloweshwa maji kwenye dirisha la chumba alicholala Seifu, vumbi linase hapo lisimfikie. Kufika Alasiri khanga inakuwa nyekundu na ngumu kama kipande cha ngozi. Kuifua ilikuwa kazi yangu. Hakuwahi kumpa mtu mwingine, hata siku niliyokuwa na homa. Siku ya kwanza kabisa alinikalisha mbele ya beseni uani, akanipa ile khanga mkononi. Nikaitia maji, nikaikamua, maji yakatoka kama udongo. Nikabadilisha, nikakamua, yakatoka mekundu. Nikabadilisha tena. Mikono ikaanza kuuma, nikamwinulia khanga aone kwamba imetakata. Ndani Seifu alikuwa anakohoa. Mama alikuwa amesimama juu yangu, amekunja mikono, hakuitazama khanga, alinitazama mimi.

"Bado," akasema. "Kamua."